Habari na Mnyororo Wake
Somo kwa mwanafunzi wa chuo na kwa kila atafutaye ukweli

Waswahili husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Methali hii yamfaa mtu mwenye kujihadhari na hatari, lakini kwa mwanafunzi ni mwalimu mbaya. Yako mengi yasemwayo ambayo hayapo, wala hayakuwapo, wala hayaji. Tena yako mengine yaliyopo kweli, lakini yameongezwa au kupunguzwa njiani hata aliyeyaona mwanzo asingeyatambua.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuishika habari moja na kuirudisha nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwa yule wa kwanza aliyeiona, kuisikia au kuipima. Somo hili latakiwa kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi sasa wamo vyuoni, nao hutakiwa kuandika insha na tasnifu zenye marejeo ya kuaminika. Pili, wenye kuichunguza dini hupokea vijitabu na jumbe za simu kutoka kila upande, kila kimoja kikidai kuwa na ushahidi. Kazi hizi mbili hudhaniwa kuwa mbalimbali, ilhali mizani yake ni moja.

1. Nani alipima?

Tuchukue mfano wa nyumbani. Pale Iyunga, katika jiji la Mbeya, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikafanywa taasisi mwaka 2005, na kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Tuseme mwanafunzi wa hapo ametakiwa kuandika kurasa chache juu ya Kimondo cha Mbozi, lile pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani zamani zisizokumbukwa na mtu, ambalo kutoka Iyunga mtu hulifikia kwa kushika barabara kuu iendayo Tunduma. Anafungua kitabu cha kwanza, asoma kwamba uzito wake ni tani 12. Cha pili chasema tani 16. Cha tatu chasema tani 25. Afanyeje?

Wengi huchagua mojawapo ya njia tatu mbovu. Mmoja huandika ile tarakimu aliyoikuta mwanzo. Mwingine huandika iliyo kubwa kwa kuwa inapendeza. Wa tatu huhesabu vitabu, na tarakimu iliyorudiwa mara nyingi huipa ushindi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza swali lenyewe: Nani alipima, na alipima kwa njia gani?

Akiuliza hivyo, mambo huanza kufunguka. Kimondo kile walikijua wenyeji kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930. Wakati ule sehemu yake ilikuwa imezama ardhini, na baadaye udongo uliokizunguka ulichimbwa, kikabaki juu ya kisiki cha udongo na mawe. Kwa hiyo aliyekiona kwanza na aliyekiona baadaye hawakuona kitu kilekile kwa ukamilifu. Tena tarakimu zote tatu ni makadirio. Pande hilo ni chuma kwa kiasi cha sehemu 90 katika 100, na karibu yote yaliyosalia ni nikeli. Mita moja ya ujazo ya madini ya namna hiyo huwa na uzito wa karibu tani 8. Basi mwenye kusema tani 12 anadai ujazo wa mita moja na nusu. Mwenye kusema 16 anadai mita mbili. Na mwenye kusema 25 anadai mita tatu na zaidi kidogo. Ugomvi ulioonekana kuwa wa uzito kumbe ni wa umbo: ni vigumu kukadiria ujazo wa kitu kisicho na pembe zilizonyooka.

Mwanafunzi aliyefika hapo ataandika ya kwamba uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 25, na kwamba tani 16 ni kadirio litajwalo sana siku hizi, kisha ataeleza kwa nini makadirio yanatofautiana. Huyu amejua kitu. Aliyeandika tarakimu moja tu kwa ujasiri amenakili tu.

2. Iliandikwa lini?

Katika kazi hiyohiyo atakutana na hitilafu nyingine. Vitabu vingine vyasema kimondo kimo katika Mkoa wa Mbeya, na vingine Mkoa wa Songwe. Je, mmoja wao amesema uongo? La. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Kadhalika Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa mpaka ilipofanywa mkoa kamili mwaka 2012. Kitabu cha mwaka 1975 kilisema kweli ya wakati wake, lakini anayekinukuu leo bila kutaja mwaka wake anasema lisilo kweli kwa maneno yaliyokuwa kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu, geuza jani la jina lake, utazame kimechapwa lini, wapi na nani. Kama ni chapa ya pili au ya tatu, tazama ile ya kwanza ilitoka lini. Na karatasi isiyo na jina la mwandishi, wala la mchapaji, wala mwaka, waweza kuisoma, lakini usiifanye nguzo ya hoja yako.

3. Wingi wa wasemao si wingi wa ushahidi

Hapa twafika katika kiini cha somo. Watu kumi wakisimulia jambo moja, na wote wakawa wamelipata kwa mtu mmoja, mashahidi si kumi. Shahidi ni mmoja. Vitabu kumi vilivyonakili kitabu kimoja ni kitabu kimoja.

Wanazuoni wa Hadithi waliijua sheria hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kila Hadithi waliitaka ije na isnadi yake, yaani mnyororo wa majina ya walioipokezana mpaka kwa Mtume Mtukufu (s.a.w.). Kisha waliuliza juu ya kila pete ya mnyororo: Alikuwa mkweli? Alikuwa na hifadhi nzuri? Alizaliwa na kufa lini? Je, yamkini alikutana na yule anayedai kumsikia? Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 875, aliridhika kama wasimulizi wawili waaminifu waliishi wakati mmoja na yamkini walikutana. Mwalimu wake, Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alitaka ithibitike kwamba walikutana hasa. Pete moja ikikosekana, Hadithi huitwa iliyokatika, hata yakiwa maneno yake matamu namna gani.

Tazama ile Hadithi mashuhuri ya nia, ambayo Bukhari aliiweka mwanzoni mwa mkusanyo wake. Watu wengi sana waliisimulia kutoka kwa Yahya bin Said al-Ansari. Lakini Yahya aliipokea kwa mtu mmoja, Muhammad bin Ibrahim, naye kwa mmoja, Alqama bin Waqqas, naye kwa mmoja, Sayidna Umar (r.a.). Wanazuoni hawakudanganywa na wingi ule wa chini. Walisema wazi kuwa juu mnyororo ni mwembamba, wa mtu kwa mtu. Waliikubali Hadithi hiyo kuwa sahihi kwa sababu kila pete ilikuwa imara. Hawakutegemea idadi ya walioirudia.

Mwanafunzi wa leo afanye hivyohivyo. Akikuta habari katika kurasa ishirini za intaneti, asifurahi haraka. Atazame kama maneno yake yanafanana, makosa ya tahajia yakiwamo. Kosa linalofanana ni alama ya kunakili. Kisha atafute tanbihi: huyu ameitoa wapi? Na yule naye ameitoa wapi? Mahali mnyororo unapokatika, hapo ndipo elimu yetu juu ya habari hiyo inapokoma.

4. Msemaji ana haja gani?

Pia kuna methali isemayo, "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake." Kujua nani amesema hakutoshi, yafaa kujua alitaka nini aliposema.

Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 viliunguza sehemu kubwa ya kusini mwa nchi yetu, na Wabena wa upande wa Njombe walikuwamo. Ni Waafrika wangapi waliokufa? Taarifa ya serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000. Mwanahistoria Mtanzania, Gilbert Gwassa, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hii si ndogo. Nyuma yake wamo watu laki mbili.

Hapa msomaji asiye na subira huchagua upande aupendao. Lakini swali letu la kwanza labaki lilelile: Nani alihesabu? Serikali iliyokuwa ikipigana, ikichoma mashamba na ghala za chakula, haikuwa na njia ya kuwahesabu wote waliokufa porini kwa njaa baada ya bunduki kunyamaza, wala haikuwa na haja ya kuikuza hesabu hiyo mbele ya bunge lake. Gwassa aliijumuisha njaa, naye pia alikadiria, kwa kuwa hapakuwa na daftari la vifo. Basi mwanafunzi ataje kadirio zote mbili, kila moja na mwenyewe, na aeleze ni nini kilichoingizwa katika kila moja. Kutambua haja ya msemaji hakumfanyi kuwa mwongo. Kunatuonyesha mahali pa kutia taa.

Tena kuna funzo la kuwatia moyo vijana katika jambo hili. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda makwao kuwahoji wazee waliovikumbuka vita hivyo. Karibu na wakati huo Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za Maji Maji. Tufanye hesabu: mzee wa miaka 80 katika mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka 17 vita vilipoanza. Aliyaona kwa macho. Leo hayupo hata mmoja. Laiti wanafunzi wale wangengoja miaka ishirini, mlango ule ungekuwa umefungwa. Kwa hiyo mwanafunzi pia aweza kuwa pete ya kwanza ya mnyororo, naye amepaswa kuandika sawasawa: jina la mzee kwa idhini yake, umri wake, alikuwa wapi siku ile, na kama jambo alilisema kwa kuliona au kwa kusimuliwa.

5. Ushahidi unafika wapi?

Sasa twende Iringa. Pale Kalenga, katika jumba la makumbusho, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Sentensi moja husemwa sana: "Mkwawa alijiua mwaka 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake, na fuvu lake likarudishwa mwaka 1954." Sentensi ni moja, lakini madai yaliyomo yana nguvu mbalimbali, na mwanafunzi mwerevu huyatenganisha.

Kufa kwake tarehe 19 Julai 1898 kunajulikana kwa maandishi ya Wajerumani waliokuwa wakimwinda na pia kwa masimulizi ya Wahehe, yaani pande mbili zilizokuwa adui. Mashahidi wasiopendana wakikubaliana, neno lao lina uzito. Kwamba kichwa kilidaiwa ni jambo la hati: Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919, katika kifungu cha 246, yaliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Kwamba fuvu fulani lilirudishwa Kalenga mwezi Juni 1954, Gavana Edward Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ni jambo lililofanyika hadharani mbele ya umati.

Lakini dai la nne, ya kwamba fuvu lile ndilo lake hasa, halikujulikana kwa njia hiyo. Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi katika jumba la makumbusho la Bremen, kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa na kwa kutazama tundu la risasi. Vipimo vinavyolingana vyaweza kuondoa mafuvu yasiyofaa, lakini peke yake havithibitishi kuwa lililosalia ndilo. Kusema hivi si kumvunjia heshima Mkwawa wala watu wake. Ushujaa wake katika vita vya Lugalo mwaka 1891 hautegemei kipimo cha mfupa. Ni kuipa kila sehemu ya habari nguvu yake, wala si zaidi.

6. Nenda kwenye kitabu chenyewe

Mwenye kuichunguza dini hukutana mara nyingi na hoja iliyojengwa juu ya rejeo: sura fulani, aya fulani. Hufungua Kurani aliyo nayo, aya haimo, naye hukata shauri kuwa amedanganywa. Pengine haraka hiyo si ya haki. Tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Mubarak Ahmad, iliyotoka mwaka 1953, huhesabu Bismillahi iliyo mwanzoni mwa sura kuwa aya ya kwanza. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, haifanyi hivyo isipokuwa katika Al-Fatiha. Basi amri ya kuichunguza habari iletwayo na mtu mwovu, iliyomo katika Sura Al-Hujurat, ni aya ya 7 katika hesabu moja na ya 6 katika nyingine. Maneno ya Kiarabu ni yaleyale. Sura ya 9 haina Bismillahi mwanzoni, kwa hiyo huko hesabu hazipishani.

Kutokana na hayo tushike kanuni: usimnukuu mtu kupitia kwa adui yake, wala kupitia kwa shabiki wake, ikiwa kitabu chake chapatikana. Kitafute, soma ukurasa wa mbele na wa nyuma, ndipo utoe hukumu. Maneno mengi yaliyokatwa hubadilika rangi yanaporudishwa mahali pake. Na kama kitabu hukukipata, sema wazi kuwa umeyapata maneno hayo katika kitabu cha fulani. Huo ndio uaminifu wa mwandishi.

7. Mahali pa kutafutia

Anzia maktaba ya chuo chako, au maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mweleze mkutubi unachotafuta. Kazi yake ni kukuongoza, wala si aibu kuuliza. Tumia faharasa ya kitabu na orodha ya marejeo yake, kwa kuwa kitabu kimoja kizuri hukupeleka kwa kumi vingine. Majarida ya kitaaluma hupitiwa na mabingwa wa fani kabla ya kuchapwa, nayo yana uzito kuliko gazeti. Lakini hata humo makosa huingia. Jarida maarufu la uganga la Lancet lilichapisha mwaka 1998 makala iliyohusisha chanjo na tatizo la usonji kwa watoto, kisha mwaka 2010 likaifuta. Aliyesoma ya 1998 asisome ya 2010 bado anaeneza khofu.

Kamusi elezo ya intaneti kama Wikipedia ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini si nyumba ya kulala. Soma, kisha shuka kwenye tanbihi zake uvitafute vyanzo vyenyewe. Ama programu za akili mnemba, hizo huandika kwa ufasaha na mara nyingine hutaja vitabu ambavyo havikuandikwa kamwe. Kila rejeo zilitoalo lithibitishwe kwa kulipata lenyewe. Ufasaha si isnadi.

8. Mizani moja kwa wote

Ndugu msomaji, kwa mwanafunzi, hasara ya rejeo bovu ni alama chache. Kwa mtu anayechunguza dini, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi. Yaweza kumtenga na wazazi wake kwa jambo ambalo halikutokea, au kumzuia na ukweli kwa sababu ya uzushi alioukuta katika karatasi isiyo na jina. Atakayefanya uamuzi mzito wa namna hiyo anastahili kuufanya juu ya mnyororo usiokatika.

Na mtihani mgumu kuliko yote ni huu: je, habari inayotupendeza twaipima kama ile inayotuchukiza? "Akipenda, chongo huita kengeza." Ni rahisi kudai isnadi kwa mpinzani na kumsamehe rafiki. Mizani inayolegezwa kwa rafiki imekwisha haribika, nayo haitapima sawa hata kwa adui. Hoja dhaifu iliyo upande wetu yafaa tuwe wa kwanza kuiondoa, maana jengo halipati nguvu kwa tofali lililooza.

Maswali ya kujipima

1. Chukua habari moja uliyoiamini mwezi huu. Uliipata kwa nani, na yeye aliipata kwa nani? Mnyororo unakatika wapi?
2. Tafuta vitabu viwili vinavyotofautiana juu ya jambo moja la wilaya yako. Viliandikwa lini, na kila mwandishi alijuaje?
3. Itenganishe sentensi moja ya historia katika madai yaliyomo. Lipi lina mashahidi wengi wasiotegemeana, na lipi lina mmoja?
4. Ni hoja gani unayoipenda ambayo hujapata kuikagua? Anza nayo.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona, subira ya kuchunguza, na moyo wa kukubali tulionalo kuwa kweli. Amin.